Tupeane uzoefu: samadi ya kuku na mbuzi wa uani imekufanyia nini bustanini?

Mama Matuta: Wakuu, habari za leo. Jana jirani yangu hapa Kivule alikuwa na ndoo mbili za mavi ya kuku, yametoka bandani muda huo huo, anayapeleka kwenye nyanya. Nikamkimbilia nikamshika mkono, maana mimi yalinikuta.

Nilikuwa na kuku wa nyama 100. Walipoisha kuuzwa nikafagia banda, nikajaza mavi na maranda yake shina kwa shina kwenye miche 60 ya nyanya iliyokuwa inatoa maua. Jioni nikamwagilia. Siku ya tatu majani yakaanza kukauka pembeni kama yamepitiwa na moto. Mpaka wiki inaisha imebaki miche minne. Nilipong'oa, mizizi ilikuwa ya kahawia, inakatika mkononi. Nyanya zile ndizo nilizotegemea kwa sare na madaftari ya mwanangu. Nilikaa kwenye tuta nikalia. Baadaye ndiyo nikaelezwa kwamba mavi mabichi ya kuku yana amonia kali, yanaunguza mizizi.

Nani mwingine?

Chepe na Reki: Mimi hapa. Mchicha wote, matuta mawili.

Mjukuu wa Kihamba: Pole sana dada. Kwetu Moshi ng'ombe anakatiwa majani zizini, samadi inakwenda kwenye migomba na kahawa. Bibi alikuwa anairundika, anaifunika kwa majani ya migomba, anaigeuza kila baada ya wiki kadhaa. Haigusi mpaka harufu iishe na ukiifikicha iwe kama udongo. Miezi mitatu hivi. Ukinusa ukakohoa, bado!

Sungura Tu: Miezi mitatu ya nini? Fugeni sungura. Vile vidonge vyake unaweka siku hiyo hiyo, haviunguzi. Mkojo unachanganya na maji mengi, unamwagilia.

Afya Kwanza: Sungura Tu, usiwapoteze watu. Kutounguza mmea hakumaanishi ni salama kwa mlaji. Samadi mbichi ina vijidudu. Mboga inayogusa udongo inatakiwa ipite siku 120 toka uweke samadi mbichi mpaka uvune.

Sungura Tu: Mchicha navuna wiki ya nne, nisubiri siku 120 zipi? Na tunaupika.

Afya Kwanza: Na giligilani ya kachumbari unaipika?

Binti Pangani: Nimesoma hapo kwenye kurundika, mwili ukasisimka. Lundo letu la samadi ya mbuzi lilikuwa nyuma ya jiko. Asubuhi nimechomeka chepe, akainuka swila, shingo imetanuka. Mdogo wangu wa miaka sita alikuwa upande wa pili na ndoo. Sauti haikutoka. Nikamvuta mtoto, yule nyoka akatema, yakaniingia jicho la kushoto. Ni kama nimetiwa pilipili na moto pamoja. Mama akaniosha kwa maji, ndoo baada ya ndoo, halafu bodaboda hadi hospitali. Lile lundo lilipofukuliwa kulikuwa na mayai ndani.

Chepe na Reki: Mungu wangu. Jicho?

Binti Pangani: Naona vizuri, namshukuru Mungu.

Mjukuu wa Kihamba: Pole mdogo wangu. Mama aliwahi vizuri na maji.

Fundi Banda: Mwagieni mafuta ya taa kuzunguka lundo.

Afya Kwanza: Mafuta ya taa kwenye samadi ya mboga? Hapana. Fyekeni nyasi, ondoeni matofali na mbao, panya wasipate pa kukaa.

Sungura Tu: Au fuga paka.

Afya Kwanza: Paka sawa, ila kinyesi chake kisiingie bustanini kabisa, wala cha mbwa.

Mama Matuta: Jamani, jirani amekubali kurundika. Anauliza afunike turubai au aache wazi?

Mjukuu wa Kihamba: Afunike. Mvua ya masika itaosha nguvu yote.

Fundi Banda: Aache wazi, ipumue.

Binti Pangani: Vyovyote, avae buti, na kabla ya kugeuza apige lile lundo kwa mti mrefu.