Naomba ushauri: bendera niifiche wapi ninapocheza Stratego na mzee?

Mgeni wa Kamalondo: Ndugu zangu, Jumapili nitacheza Stratego, ule mchezo wa ubaoni wa kuiteka bendera ya mwenzako huku vyeo vya kete zake huvioni, na mzee mmoja wa hapa Lubumbashi, hodari kuliko mimi. Kila jeshi lina kete 40, yakiwemo mabomu 6 ambayo hayasogei. Je, bendera niizungushie mabomu, au niiache wazi mahali asipopadhania? Usingizi umenipaa.

Fundi wa Katuba: Iweke konani, ambako mabomu 2 yanatosha kuifunga. Kona ya pili jenga ngome ya uongo na ndani yake uweke sajini, ili mtegua mabomu akishalitegua bomu aingie mdomoni mwake. Wategua mabomu wake ni 5 tu.

Mama wa Ruashi: Marehemu kaka yangu alipenda dama hata chakula kikapoa mezani, lakini usingizi alilala. Mzee huyo ni nani kwako, mwanangu?

Mgeni wa Kamalondo: Ni baba mkubwa wa mchumba wangu, naye ndiye msemaji wa ukoo katika mazungumzo ya mahari. Nikimshinda, ameahidi kuomba mbuzi wapunguzwe.

Fundi wa Katuba: Ikiwa ni hodari hivyo, ulikubalije dau hilo?

Mgeni wa Kamalondo: Mgongoni mwa kete ya mareshali wake, yenye cheo cha juu kabisa, pana mkwaruzo mwembamba, karibu na ukingo. Sikuutia mimi, na mwenye macho haambiwi tazama. Nimekwisha kuamua kwamba jasusi wangu atasimama nyuma ya jenerali akiusubiri. Mara iliyopita mareshali huyo alimvamia jasusi wangu, na mareshali ndiye aliyekufa papo hapo.

Mpita Njia: Hadithi hii imetungwa. Jasusi humuua mareshali pale tu yeye anapoanza kushambulia. Akishambuliwa, hufa yeye. Asiyejua hilo hajawahi kuketi mbele ya ubao huo.

Mgeni wa Kamalondo: Sijatunga neno. Mzee mwenyewe aliiondoa kete yake, akanihimiza niendelee.

Fundi wa Katuba: Basi mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu mchezaji wa aina hiyo hasahau kanuni hiyo; anakuzoesha kuuamini mkwaruzo, na msumari unaweza kuutia mwingine mgongoni mwa bomu. Usimtume jasusi kabla ya skauti. Skauti hukimbia miraba mingi kwa hatua moja njia ikiwa wazi, na akifa bado unao wengine 7, ilhali jasusi ni mmoja.

Mpita Njia: Mimi bado siamini, ila mzee huyo nimempenda.

Mama wa Ruashi: Na binti anajua kwamba mahari yake imewekwa ubaoni?

Mgeni wa Kamalondo: Hajui, mama, na sioni sababu ya kumsumbua kabla ya Jumapili. Huyo skauti nitamtuma.