Mbavu za bawa hazilingani: kukata balsa kwa kufuata ramani

Mwanagenzi
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaunda ndege ya mfano kwa kufuata ramani tupu, bila vipande vilivyokwisha kukatwa. Upana wa bawa ni uleule kutoka kwenye kiwiliwili hadi nchani, kwa hiyo mbavu zote, yaani vipande vinavyolipa bawa umbo lake, zinapaswa kufanana. Nimechapisha ramani kwenye karatasi za A4, nikabandika umbo la ubavu juu ya balsa (mbao nyepesi sana) ya milimita 2 na kufuatisha mstari kwa kisu, lakini kila ubavu unatoka na umbo lake, na nafasi za kupitishia mhimili, ule ufito mrefu unaoshikilia mbavu zote, zinapishana. Tatizo ni karatasi, kisu au mkono? Na mbavu za plaiwudi za karibu na kiwiliwili nizikate kwa kifaa gani?

Seremala Mzee
Anza na karatasi. Printa nyingi hupunguza ukurasa ili uenee ndani ya pambizo. Chagua asilimia 100, kisha upime kwa rula, urefu na upana, kwani upungufu wa asilimia 3 tu huufanya ubavu wa milimita 200 uwe wa 194.

Hata hivyo, kosa kubwa ni kukata mbavu mojamoja. Tengeneza violezo viwili vya plaiwudi ya milimita 3 vinavyolingana kabisa, utoboe matundu mawili yanayokutana, kisha ukate vipande vya balsa vikubwa kidogo kuliko umbo, uvipange katikati ya violezo na kuukaza mrundo wote kwa bolti. Usugue kwa msasa uliobandikwa kwenye ubao ulionyooka, ukiacha mara tu unapogusa violezo. Nafasi za mhimili zikatwe mrundo ukiwa bado umefungwa: anza kwa msumeno wenye meno madogo, umalizie kwa kijiti chenye msasa, huku ukijaribu mhimili wenyewe kila mara, maana nafasi ikishalegea hairudi.

Mama Tiara
Naongezea kuhusu nyuzi za mbao, ambazo lazima zifuate urefu wa ubavu. Kisu hupenda kukimbia nazo, kwa hiyo kata kwa mwelekeo ambao kikiponyoka kitaingia kwenye sehemu ya kutupwa. Pitisha mara kadhaa bila kukandamiza. Wembe butu hauikati balsa, huiponda, hasa kwenye mviringo wa pua ya ubavu. Chagueni pia ubao wenyewe: ule wenye madoadoa yanayong'aa kama magamba haupindi kirahisi, na ndio unaofaa mbavu.

Rubani wa Uwanjani
Njia ya Mzee ni nzuri kwa bawa la namna hii. Bawa likipungua upana kuelekea nchani, kingo za mrundo hutoka zimelala mshazari, na upunguaji ukiwa mkali ni afadhali kuchapa kila ubavu peke yake. Hapo mimi huchapisha kwa printa ya leza, picha ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo, kisha naigandamiza juu ya balsa kwa pasi ya moto isiyo na mvuke. Wino huhamia kwenye mbao. Printa ya wino wa maji haifai kwa kazi hii.

Seremala Mzee
Nakubali, Rubani. Mwanagenzi, plaiwudi ikate kwa msumeno wa uzi, meno yakitazama chini, kipande kikiwa juu ya ubao wenye pengo la V uliobanwa ukingoni mwa meza. Kwa matundu ya ndani, toboa kwanza kwa keekee, upitishe uzi wa msumeno tunduni, ndipo uufunge kwenye fremu yake.