Nimechoshwa na runinga inayomfanya kila mtu wa Magharibi ya Kenya kuwa bawabu wa kuchekwa

Wanajukwaa, nawasalimu. Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Jumapili usiku, hapa Kakamega, tulikaa sebuleni mimi, mke wangu na watoto kutazama tamthilia mpya iliyokuwa imetangazwa kwa wiki kadhaa. Lango la jumba la tajiri lilipofunguliwa, kabla bawabu hajatamka neno lolote, mwanangu wa gredi ya sita alisema, "Huyo atakuwa Mluhya." Na kweli alikuwa Mluhya. Alisema "kari" badala ya "gari", akamaliza sufuria nzima ya ugali, akakaripiwa na mwenye nyumba, kisha hatukumwona tena. Kilichoniuma si bawabu yule, bali ni kwamba mtoto wangu, ambaye ni Mluhya, alikwisha kujua nafasi aliyotengewa kabla mchezo haujaanza.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, kwa hiyo niruhusuni niseme jambo ambalo mwandishi wa tamthilia ile angelijua kama angeuliza mtu mmoja tu. Bawabu wake alisema kwao ni Mbale, Vihiga. Lugha ya Mbale ni Kilogooli, lugha ya Waluhya wa Maragoli, na Kilogooli kina sauti ya "g" hata katika jina lake. Mmaragoli hana sababu yoyote ya kusema "kari". Anayeweza kusema hivyo ni mzee wa Bungoma, kwa kuwa katika Kibukusu, lugha ya Waluhya wa huko, sauti za "b", "d" na "g" hutokea baada ya sauti ya puani tu, kama "m" au "n", na ndiyo maana mzee huyo huyo hutamka "ngoma" na "nyumba" bila tatizo lolote. Huo ni utaratibu wa lugha, wala si uzito wa akili. Lakini katika studio za Nairobi, Mbukusu, Mmaragoli, Mnyore na Mwisukha, ambao wote ni Waluhya lakini wa lugha tofauti, hupewa ulimi mmoja wa kubuni. Wajaluo nao hawajasalimika: ni kweli kwamba Dholuo, lugha yao, haina "sh", lakini mtu aliyezaliwa Kaloleni, Kisumu, akakulia na kusoma humo humo, hutamka "shamba" kama Mkenya mwingine yeyote, ilhali kwenye runinga ni lazima aseme "samba" na kujisifia shahada zake.

Najua nitaambiwa kwamba ni vichekesho tu. Sipingi vichekesho, na wala sipingi lafudhi. Ningefurahi mno kuisikia lafudhi ya Bungoma kinywani mwa hakimu anayetoa hukumu, au daktari anayempa mama habari nzito, bila mtu yeyote kucheka. Watu hao wapo, nasi huonana nao kila siku. Ninachopinga ni lafudhi kugeuzwa kuwa ndicho kichekesho chenyewe, tena kisimame langoni tu.

Madhara yake nimeyaona darasani. Muhula uliopita msichana mmoja wa kidato cha pili, anayeandika insha nzuri kuliko wenzake wote, alikataa kusoma kwa sauti. Awali, aliposoma aya ya kwanza, wavulana wa nyuma walirudia maneno ya bawabu fulani wa runinga, neno kwa neno, na darasa zima likaangua kicheko. Niliwaadhibu wavulana, lakini msichana hajasoma kwa sauti hadi leo.

Haikuwa hivi zamani. Daudi Kabaka, mwana wa jamii hii hii ya Waluhya, aliimba kwa Kiswahili na nchi nzima ikacheza. Wimbo wake "Helule Helule" ulirekodiwa upya na kundi la The Tremeloes la Uingereza mwaka wa 1968. Ken Walibora, mzaliwa wa Bungoma, alichapisha "Siku Njema" mwaka wa 1996, akasoma habari kwenye runinga, na riwaya zake zikafundishwa kutoka Lamu hadi Busia. Watu waliokisanifu Kiswahili kiasi hicho ndio ambao jamii yao inaonyeshwa kama isiyoweza kukitamka.

Sheria inavitaka vituo vitenge angalau asilimia 40 ya vipindi kwa kazi za humu nchini, nami naiunga mkono. Hata hivyo, asilimia hiyo ikijazwa na bawabu yule yule kila msimu, sisi wa huku tunapata nini?

Nimekiandikia kituo kile barua mbili, moja kuhusu lafudhi na nyingine kuhusu yule msichana, na hakuna iliyojibiwa. Barua ya tatu itaondoka Jumatatu. Walimu, waigizaji na wazazi wa Kakamega, Vihiga, Bungoma, Busia na Kisumu wanaotaka kutia sahihi waniandikie hapa kabla ya Jumapili jioni, na waeleze wametoka wapi na lugha yao ya nyumbani ni ipi, maana nataka wasomaji wa barua hiyo wajue kwamba sisi si watu wa ulimi mmoja.