Mrejesho: Königssee kwa siku moja kutoka Salzburg

Nawashukuru mlionijibu nilipouliza kama tukodi gari lenye mwongozaji wetu wenyewe kutoka Salzburg, Austria, hadi ziwa la Königssee, upande wa Ujerumani, au tupande basi. Tulikodi, kwa kuwa mama mkwe hawezi kutembea mwendo mrefu, na mwongozaji alituteremsha karibu kabisa na gati. Ziwani, hata hivyo, hakuna upendeleo: boti ni za abiria wote, nazo zimekuwa zikiendeshwa kwa umeme tangu 1909. Tulipofika penye mwamba mrefu, mota ilizimwa, mhudumu akapuliza tarumbeta, akanyamaza, na mwamba ukamrudishia sauti ileile. Mlima Watzmann, wenye mita 2,713, tuliuona hadi saa sita mchana tu, kwa hiyo nashauri muondoke mapema. Vijana, basi litawatosha.