Rupia ya Mjerumani: ntajuaje ni orijino au feki?

Mjukuu_Mpwapwa: Wakuu, bibi kaniachia sarafu ya fedha, imeandikwa Deutsch Ostafrika 1 Rupie 1910, upande wa pili Mzungu kavaa kofia yenye ndege juu. Jana jamaa mmoja hapa Dodoma kaniambia feki hiyo, niachie kwa elfu kumi. Roho imeniuma, nifanyeje?

Kondoa_Yetu: Usiuze mkuu! Kama ni feki yeye anainunua ya nini? Weka sumaku kwanza, fedha hainasi, ila isikutoshe maana hata shaba hainasi. Nenda kwa sonara akupimie, rupia nzima ni gramu 11.66 na upana milimita 30, ikichakaa inapungua kidogo tu, ikisoma 9 achana nayo. Halafu iangalie kwa kioo cha kukuzia, zile feki za kumiminwa kwenye kalibu zinakuwa na vitundu vitundu usoni kama uji uliochemka na mshono unazunguka ukingoni.

Reli_ya_Kati: Naongezea, ya kuogopa zaidi ni ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, iligongwa Tabora 1916 kipindi cha vita, feki zake nyingi mno, mimi mwenyewe nililizwa, orijino ni kama gramu 7. Na hiyo ya bibi usiisugue kwa majivu wala dawa ya meno jamani, ule weusi ndo thamani yake!

Mjukuu_Mpwapwa: Nimetoka kwa sonara sasa hivi, imesoma 11.5, mshono hamna. Simuuzii mtu.