Mshale wa mafuta umelala E hata nikijaza tanki, naombeni ushauri

Kijana wa Kibaha: Wakuu habari za jioni. Nina pikipiki cc 125 ya kizamani niliyoachiwa na baba mdogo, geji ya mafuta haifanyi kazi, jana nimejaza mpaka naiona petroli mdomoni mwa tanki na mshale haujatikisika. Taa na indiketa ziko poa. Ni sensa ya ndani ya tanki au waya? Keshokutwa naenda nayo Morogoro, roho haitulii.

Mzee wa Spana: Kabla mshale haujalala uligusa nini?

Chaupole: Geji ya nini mdogo wangu, fungua kifuniko tikisa sikiliza. Mimi 2014 niliamini geji nikazimikiwa mlima Kitonga usiku na magunia mawili ya mkaa nyuma, nimesukuma mpaka machozi, toka siku hiyo natembea na chupa ya lita moja.

Kijana wa Kibaha: Sijagusa kitu. Nilibadilisha tanki tu, la zamani lilitoboka kwa kutu.

Mzee wa Spana: Tanki limekuja na sensa yake? Soketi iliingia au ulikata waya? Sema yote kijana.

Kijana wa Kibaha: Haikuingia nikakata. Waya wa kijani sikuuunga, tanki ni la chuma, nikajua ethi (njia ya umeme kurudi betri) ipo. Mshale ulipogoma nikavuta waya toka betri moja kwa moja hadi kwenye sensa nione kama itaamka, ukapata moto mpaka plastiki ikalainika nikatoa. Ila fyuzi niliweka, na fundi wa kijiweni alisema sawa. Nafikiria niurudishe niupitishe kwenye swichi.

Bi Mkubwa: Mtoto wa watu, petroli na cheche! Vijana hamsikii, haraka ya Morogoro itakupeleka kwingine.

Mpita Njia: Hii chai. Umeme wa betri ndani ya tanki la petroli na bado unaandika? Weka picha.

Mzee wa Spana: Inawezekana Mpita Njia, tanki likijaa petroli, hewa ya kuwasha moto ni kidogo, ndiyo pona yake. Kijana usiurudishe. Ile sensa ni boya na waya mwembamba wa kupunguza umeme, nyingi nilizopima likijaa zinasoma chini ya omu 10, yaani zinauzuia umeme kidogo tu, ukiipa betri nzima inaungua. Tanki limekalia mipira, haligusi chasi vizuri, huo wa kijani ndio ethi yenyewe. Sasa chomoa waya za sensa, washa swichi, mbali na tanki gusanisha ule unaotoka kwenye geji na ule wa ethi, sekunde moja. Mshale ukipanda F, geji nzima. Halafu pima sensa kwa multimita, kile kipima umeme.

Mpita Njia: Atasema multimita hana.

Kijana wa Kibaha: Picha sina, simu ya batani. Nimeazima multimita kwa jirani wa redio. Mshale umepanda F! Sensa inasoma 1 tu, nikilipandisha boya kwa kidole haibadiliki, na nikilitikisa nasikia petroli inacheza ndani yake.

Mzee wa Spana: Imekufa, hiyo 1 si omu moja, ni multimita inakwambia waya wa ndani umekatika, na boya limetoboka. Nunua ya modeli yako, unga na kijani.

Kijana wa Kibaha: Sawa mzee, nimeelewa. Ila Morogoro naenda, sensa nitanunua hukohuko.

Chaupole: Beba chupa.