Mwaka wa kwanza sosholojia, nikomae au nihame kozi?

Kinyonga_wa_Pili
Habari zenu wakuu. Nipo chuo mwaka wa kwanza nasoma sosholojia, semista ya kwanza ndo inaishia. Ukweli kozi naipenda, kuna vipindi natoka darasani kichwa kinachemka, ila kila nikimtajia mtu ninachosoma ananiuliza "sasa ukimaliza utakuwa nani?" na jibu sina. Wenzangu wa uhasibu wakiulizwa wanajibu neno moja yameisha. Hafu semista ijayo tunaanza takwimu na mbinu za utafiti, na mimi na hesabu tulishaachana kitambo, nilikuja huku nikijua ndo nimezikimbia. Muda wa kuhama kozi bado upo kidogo. Nikomae au nihame? Ushauri naomba, matusi hapana.

Chuma Chakavu
Hama mapema dogo. Kozi ya kupiga stori hiyo. Jamii unaishi nayo kila siku unaenda kusomea nini tena

Bi Tatu
Chuma Chakavu na mwili si unaishi nao kila siku, mbona ukiumwa unamtafuta daktari?

Dogo, hiyo ya kwamba ni kozi ya stori achana nayo. Durkheim, mwanasosholojia wa Ufaransa, mwaka 1897 alichukua kitu ambacho kila mtu anaona ni cha mtu na nafsi yake, yaani kujiua, akakusanya takwimu za nchi za Ulaya akaonyesha viwango vinapishana kwa makundi, Waprotestanti juu kuliko Wakatoliki, wasio na ndoa juu kuliko walio nayo. Baadae wakaja watu wakamwambia ngoja kwanza, hizo takwimu nani aliziandika, kwamba huenda kwa Wakatoliki vifo vingine viliandikiwa sababu tofauti kwa kuogopa aibu. Sasa kubishana namna hiyo ndo sosholojia yenyewe. Na Du Bois, mwanasosholojia mweusi wa Marekani, kwa kitabu chake cha 1899 kuhusu watu weusi wa Philadelphia alipita nyumba kwa nyumba na madodoso yake, yaani karatasi za maswali. Kwa hiyo hesabu hujazikimbia, umezifuata kwao 😂

mzee wa dodoso
Nilisoma hiyo hiyo, sasa hivi nafanya ufuatiliaji na tathmini ya miradi. Niongelee hiyo hofu ya takwimu maana wengi ndo inawaondoa.

Hesabu za digrii ya kwanza sio zile za kukesha na kalkulasi. Ni wastani, mkengeuko sanifu (data zimetawanyika kiasi gani), sampuli, kai-skwea na rigresheni kidogo (za kupima kama vitu vinahusiana), na kukokotoa inakokotoa programu, SPSS au R. Kinachokula watu ni kabla ya hapo. Mfano unaandika swali "je, unaridhika na walimu na vitabu vya shule yako?" mtu anajibu hapana, haya kipi hakimridhishi, walimu au vitabu? Umeshaharibu na hakuna programu itakuokoa. Au unapita majumbani mchana tu, wanaoshinda kazini wote umewakosa, hafu unaandika "wananchi wanasema". Wananchi gani?

Kwenye usaili wa kazi mimi sijawahi kuulizwa mwananadharia Weber alisema nini. Nimeulizwa naweza kutengeneza dodoso, kuendesha majadiliano ya kikundi, kusafisha data na kuandika ripoti inayosomeka. Kwa hiyo hilo somo unalolikimbia ndo litakulisha.

Nuru ya Alfajiri
Naunga mkono ila tusimdanganye mtoto wa watu. Hii sio uuguzi wala sheria, ukimaliza hakuna bodi inakupa leseni wala cheo kinachokusubiri. Utajikuta utafiti, rasilimali watu, maendeleo ya jamii, magereza, afya, mashirika, inategemea ulijazia nini. Kama chuo chako kinaruhusu masomo ya hiari chukua demografia (elimu ya idadi ya watu) au takwimu za ziada, usichukue kwa sababu mwalimu anagawa maksi. Na kama kusoma kurasa nyingi hupendi, hapo hata mimi nitakwambia hama, slaidi peke yake hazitoshi kozi hii.

Kinyonga_wa_Pili
Asanteni sana aisee. Kusoma napenda shida ni nadharia, Marx namwelewa, Parsons nasoma sentensi moja mara nne sitoki na kitu. Mnakaririje hizi?

Bi Tatu
Parsons hata waliobobea wanamlalamikia, usijione mjinga. Usikariri. Chukua tatizo moja, tuseme watoto kuacha shule, hafu waulize watu wa kila nadharia. Wa uamilifu, upande wa Parsons, atauliza shule inafanya kazi gani kwenye jamii na wapi imekwama. Wa upande wa Marx atauliza nani ananufaika wakiacha. Wa mwingiliano ataenda kukaa darasani aone mwalimu anavyomwita mtoto "mzito" mpaka mtoto anaamini. Mtihani ukija unayo ya kuandika.

Chuma Chakavu
Hapo kwenye mzito mmenigusa kidogo, ila bado nasema uhasibu

Kinyonga_wa_Pili
Hahaha sawa mkuu. Nabaki. Mzee wa dodoso, kati ya SPSS na R nianze ipi, laptop sina natumia kompyuta za maktaba

mzee wa dodoso
Anza na ile watakayofundishia darasani. R ni ya bure na inafunguka hata kwenye brauza, hiyo utaiongeza likizo. Ila kabla ya zote andika dodoso la maswali kumi tu, wape wenzako watano walijibu, uone wangapi wamelielewa ulivyokusudia. Lilete hapa tulikosoe.